Chungu Kisichojua Samaki

Nikitaka kuikumbuka hoteli ile siwezi kuanza na mlango, kwa sababu haikuwa na mlango. Naanza na mvuke. Mvuke wa tui linapomiminwa kwenye kisamvu kilichokwisha kulainika, saa sita ya mchana, Kibiti, jua limewanyamazisha hata kuku. Mvuke huo ulipita chini ya pazia la kanga, ukavuka uchochoro wa hatua tatu, ukanikuta barazani kwangu, mguu wangu ukiwa juu ya cherehani. Mguu ulipunguza mwendo wenyewe, sindano ikasimama katikati ya suruali ya mtu. Siku nyingine nilisinzia papo hapo, mkono juu ya kitambaa, nikaota ninakula, na nilipozinduka nilijikuta nina njaa kweli.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi ya ruksa, vitu vilivyokuwa vikiuzwa kwa kunong'onezana vilipoanza kutandazwa juani kila mtu avione. Mitumba ilishushwa kwa marobota pale malori yaliposimama. Kabla ya hapo nilikuwa nikishona nguo mpya, magauni ya harusi na sare za shule, na mitumba ilipofika niliapa kwamba sitaigusa. Nilinuna wiki mbili. Wiki ya tatu nikanunua mkasi mpya, nikawa napunguza suruali za watu wanene wa ng'ambo ziwatoshe watu wembamba wa Kibiti. Mimi ndivyo nilivyo, hasira zangu ni nyingi lakini hazina nguvu ya kufika mbali.

Jirani yangu, mwenye hoteli, alikuwa mwanamke wa milima ya Umatumbi, amenizidi miaka kama kumi, mrefu, sauti yake ya chini, na msimamo wake wa kuudhi. Juu ya nguzo ya mbele alikuwa ametundika ubao ulioandikwa kwa chaki: HAPA HAPANA NYAMA, HAPANA SAMAKI. Chini yake, kwa herufi ndogo: MBOGA YETU HAIJUI DAWA. Mvua ikifuta maneno hayo aliyaandika upya, hakupunguza hata moja.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kibiti ile ilikuwa ya madereva wa malori ya kusini, watu waliokuwa na safari ya kivuko mbele yao na njaa ya siku mbili nyuma yao, na kila hoteli barabarani ilining'iniza paja la ng'ombe au ilipanga samaki wa kukaanga kwenye sinia. Muuza nyama wa upande wa pili wa barabara alipaita hoteli ya mbuzi. Mwenye hoteli akamjibu, bila kunyanyua uso kwenye kinu, kwamba mbuzi aliyemo ni mmoja tu, wa kukunia nazi, na hauzwi.

Mimi nami nilicheka. Nimezaliwa delta ya Rufiji, katikati ya mikoko na mashamba ya mpunga, na kwetu wali usio na samaki ni wali uliofiwa. Ukimwekea mgeni majani matupu atakula, atashukuru, halafu atakwenda kukusema kijiji kizima. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajitia umaskini wa makusudi.

"Samaki simjui," aliniambia. "Nilipofika hapa nilimkaanga kwenye karai la kuazima. Nje akawa mkaa, ndani akawa anatoa maji. Wateja wakanicheka mpaka nikaingia ndani. Nikasema basi, mimi nimekua na majani na kunde. Nitawapa watu ninachokijua."

"Na nyama?"

"Nyama inanikaa mikononi. Naisikia harufu yake hata nikisali."

Hakuwa na maelezo zaidi ya hayo, na kila nikikumbuka naona yalitosha. Shamba lake lilianza nyuma ya jiko, limezungushiwa miba, na humo mlikuwa na matembele, mchicha, bamia, bilinganya, majani ya kunde na maboga yaliyotambaa mpaka juu ya paa la choo. Alililisha kwa samadi, majivu na pumba za mpunga. Dawa za kuulia wadudu zilikuwa zimepanda bei tangu serikali ijitoe kwenye mambo hayo, lakini yeye asingezichukua hata kwa kugawiwa bure. Majirani walipokuwa wakipulizia mikorosho yao salfa, na upepo ukaileta ile poda ya njano upande wake, hakuchuma jani kwa siku kadhaa. Siku hizo tulikula maboga ya ghalani na kunde kavu, na hakuna aliyethubutu kumwuliza mchicha uko wapi.

Sahani yake ilikuwa chini ya nusu ya bei ya sahani ya nyama ng'ambo ya barabara, na mchuzi wa nyongeza haukuwa na malipo. Basi walianza kuja mmoja mmoja, kwa aibu: mwalimu aliyechelewa mshahara, wanawake waliotoka kuuza nazi, dereva mwenye vidonda vya tumbo. Walikaa kwenye mabenchi, wakanawa kwa birika, wakala kimya, na mwisho wakaagiza mchuzi mwingine. Mimi nilianza kwa uvivu wa kupika nikaishia kwa uroho.

Sasa nimfikie mama, maana ndiye aliyenifanya niihitaji hoteli ile.

Baba yangu hakuwa mvuvi. Alikuwa mchuuzi wa mpunga na nazi, mtu wa mashua na magunia, na siku moja ya mawimbi, kwenye mlango wa mto, mashua ikapinduka. Walikuwa watatu. Wawili waling'ang'ania ubao wakaokolewa, nao walisema walimwona baba akiachia. Watu walimtafuta siku tisa, kwenye mikoko na kwenye fukwe, wasimpate.

Mama akafanya mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja. La kwanza, alikataa kula chochote kilichotoka majini, samaki, kamba, kaa, chochote. "Vimemla mume wangu," alisema, "nami nivile?" La pili, alikataa kukaa eda. "Eda ya nani? Mmemzika wapi?" Alisema mume wake huenda aliokotwa na chombo cha watu, huenda ametupwa Mafia, amepoteza fahamu, atakuja. Tumbo lake lilikuwa limekwisha kujua kwamba baba amekufa, kinywa chake ndicho kilichokataa. Sheikh wa kijiji, mtu mpole, alisema kwa kuwa maiti haikuonekana hatamlazimisha mtu. Eda itahesabiwa kuanzia siku mama atakapokubali mwenyewe kwamba amefiwa, na hitima itasomwa siku hiyo. Basi hitima haikusomwa, matanga hayakukaliwa. Mimi binti yao niliyekwenda mbio kumlilia baba nilikuta nyumba imefagiwa na mama anauliza habari za Kibiti.

Nilirudi na machozi yangu vilevile. Mtoto atamliliaje baba ambaye mama yake anasema yuko safarini?

Miezi ikapita. Habari zilizonifikia zilikuwa kwamba mama anakwisha. Kule kwetu hata mwiko unanuka samaki, hata maji ya mtungini, na yeye pua yake ilikuwa imekuwa kali kupita kiasi. Nikafunga cherehani, nikapata lori la wanunuzi wa kamba, wale wapya waliokuwa wakija na mabarafu kutoka Dar, likanifikisha Bungu na kisha Nyamisati. Toka hapo nikapanda mashua, macho nimeyafumba njia nzima.

Nilimkuta uani anapika wali kwenye kopo la maziwa, kwa sababu kopo halijapata kuwa na samaki. Aliula na chumvi. Kanga ilimzunguka mara mbili. Nilipomkumbatia nilishika mifupa, nikaogopa, na mimi nikiogopa huwa nafoka.

"Mama, utakufa! Nimekosa baba, unataka nikukose na wewe?"

"Baba yako yuko safarini," alisema. "Na mimi sijakataa kula. Chakula ndicho sikipati."

Nikamfungia nguo zake, nikaja naye Kibiti.

Chumbani kwangu mambo yakawa yaleyale. Nilinunua sufuria mpya mbele ya macho yake, nikapika mchicha, akala matonge mawili akaacha. Akasema samaki wamo mikononi mwangu. Ni kweli nilikuwa nimekula samaki juzi yake. Nikamwambia basi twende hapo jirani. Hilo nalo likawa kosa. Mama alitoka katika watu wa biashara wa zamani, wanawake wa kujitanda na kupita pembeni. Kwake yeye kukaa hotelini kutafuna mbele ya wanaume wa malori ilikuwa sawa na kuoga barabarani. Akageukia ukuta.

Siku ya tatu mwenye hoteli alikuja mwenyewe. Aliingia, akachuchumaa chini kabisa, kichwa chini ya kichwa cha mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nimesikia hupati chakula. Sikuombi ule. Nakuomba uje uvikague vyungu vyangu. Usipovipenda, nitakurudisha mwenyewe."

Mama alikuwa hawezi kukataa kukagua kitu. Alijitanda, tukapitia nyuma, katikati ya matembele, mpaka jikoni. Mwenye hoteli akafunua vifuniko kimoja baada ya kingine. Mama aliinama juu ya kila chungu, akavuta pumzi taratibu kama mtu anayenunua samli, akanyanyuka, akaenda kinachofuata. Akanusa mwiko, akanusa kata na kinu, akapitisha kidole ndani ya kifuu cha kuchotea mchuzi akakiweka puani. Mbele, nyuma ya pazia, wateja walikuwa wakibishana kuhusu matairi.

"Vyungu hivi havijui samaki," mama alisema hatimaye.

"Havimjui, mama."

"Hata mara moja?"

"Tangu vitoke kwa mfinyanzi."

Akatandikiwa mkeka huko huko nyuma, karibu na kinu, pazia likiwa kati yake na wanaume. Akaletewa wali wa bonde letu wenyewe, punje ndefu, na kunde za nazi, na kisamvu, na kipande cha boga kilichoiva mpaka kikawa kinameremeta. Alikaa akakiangalia. Kisha akasema bismillah, akala. Hakula kwa pupa, alikula kama mtu anayesikiliza. Alipomaliza nusu ya sahani alilala palepale kwenye mkeka, akiwa hajanawa mkono vizuri, na mimi nikarudi barazani nikakaa mbele ya cherehani bila kushona chochote mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Miezi iliyofuata imenichanganyikia. Siwezi kusema kipi kilitangulia. Naona mama anachambua matembele kwenye ungo, miguu ameinyoosha, jua linamjia vipande vipande kupitia makuti. Namwona anakuna nazi, unga mweupe unadondoka, naye amefumba macho. Nasikia kinu. Nasikia sauti ya mteja inaomba mchuzi mwingine, na sauti ya mama kutoka nyuma ya pazia, sauti tu, inasema chumvi leo imepungua. Madereva wakaizoea sauti hiyo, wakawa wanaiamkia bila kumwona mwenyewe: "Shikamoo bibi wa pazia!" Naye akawaitikia kwa ukali kidogo, lakini akaitikia. Kulikuwa na mchana ambapo mvua ilinyesha na jua likiwaka, tukala ndizi mbichi za nazi sote watatu kwenye sinia moja, na sikumbuki tulizungumza nini, nakumbuka tu kwamba niliona haya kwa raha niliyokuwa nayo.

Walitaniana, yeye na mwenye hoteli, mtu wa mtoni na mtu wa mlimani.

"Nyie wa milimani," mama alisema, "mnakula majani mpaka mbuzi wanawaonea wivu."

"Na nyie wa mtoni, mama, mnanuka samaki hata mkitoka kuoga."

Mama akacheka. Nilikuwa barazani kwangu, nikausikia ule mcheko ukivuka uchochoro, nikaacha kushona. Ilikuwa mara ya kwanza tangu baba apotee.

Mashavu yake yakarudi. Kanga ikawa inamtosha. Mtu yeyote angesema nimepata nilichotaka, na mwanzoni nilisema hivyo mwenyewe. Lakini kila lori kutoka upande wa Bungu liliposimama, mama aliweka chini alichoshika, akasogeza pazia upana wa vidole viwili, akatazama wanaoshuka mpaka wa mwisho. Kisha akaliachia pazia, akaendelea na matembele.

Baba mdogo, ndugu yake baba, akatoka delta kuja kumwona. Alimkuta amenawiri, akafurahi, akadhani wakati umefika.

"Shemeji," alisema akiwa amekaa mbali kwa adabu, "watu wanauliza. Ukubali tusome hitima. Ukae eda yako, umalize, roho ya ndugu yangu itulie."

"Waambie watu kaka yako akirudi nitawapikia pilau," mama alisema, na sauti yake ilikuwa nzuri kabisa, kama anazungumzia ndoa ya mtu. "Karibu chakula."

Baba mdogo alinitazama. Mimi nikatazama chini. Nilikuwa nimemkasirikia mama na nimemkasirikia yeye, na nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilichotaka wakati ule nakijua vizuri, na nakisema ingawa si kizuri. Nilitaka mama ale, akala. Sasa nilitaka amlilie baba, ili na mimi nipate kumlilia. Niliona atanenepa kwa kungoja, atazeeka kwa kungoja, na mimi nitaishi na msiba huu usioliliwa mpaka nife.

Siku yenyewe haikuanza kwa namna ya kutisha. Mwenye hoteli aliamka na homa. Aliniita dirishani, meno yanagongana, akasema kisamvu kimetwangwa na kimechemka, nazi zimevunjwa, kilichobaki ni tui na chumvi tu. "Nisaidie leo, mdogo wangu. Usifunge. Watu wana njaa." Mama alitaka kusaidia, nikamwambia akae na mgonjwa, ampe maji, nitampelekea chakula chake mkekani kama kawaida.

Nilikuwa sijawahi kuwa peke yangu katika jiko lile. Nilikuna nazi, nikakamua tui zito, nikalimimina. Mvuke ukanijia usoni, ule ule wa miaka yote. Nikakoroga, nikaonja. Nikaona kuna kitu kinapungua. Nikatia chumvi, nikaonja tena, bado.

Sasa, jana yake mwanamke wa kijijini kwetu aliyekuwa akienda hospitali ya Utete alikuwa amepita kunisalimia, na mtu wa kwetu hapiti mikono mitupu. Aliniachia uduvi, wale kamba wadogo kuliko kucha, waliokaushwa na kutwangwa mpaka wakawa unga mwekundu, wamefungwa kwenye karatasi. Kifurushi hicho kilikuwa kwenye kikapu changu, na kikapu kilikuwa mguuni pangu.

Lazima nieleze jambo ambalo mtu asiye wa delta hatalielewa. Kwetu uduvi si kitoweo. Mtu akila kisamvu kilichotiwa uduvi hatasema amekula samaki, kama vile asivyosema amekula chumvi. Bibi yangu alitia, mama yangu alitia, nami nilifundishwa kutia nikiwa sijaota meno ya ukubwani. Kiganja kinakunjwa, vidole vitatu vinachota, vinanyunyiza kwa kuzunguka chungu. Hakuna anayefikiri. Mkono wangu ulipoonja upungufu ule ulifanya ulichofundishwa, ukachota uduvi, ukanyunyiza, ukakoroga, na mimi nilikuwa nawaza habari ya suruali za mteja fulani.

Nikapakua. Nikampelekea mama sahani yake ya kwanza, amekwisha kurudi mkekani, nikasema mgonjwa anaendeleaje, akasema amelala. Nikaenda mbele kuwapakulia wateja. Walikuwa kama kumi, wengi wao madereva. Mmoja, mtu mkubwa wa kusini aliyekuja mara kwa mara, alitia tonge la kwanza mdomoni akasimamisha taya.

"Alaa! Leo kisamvu kimekolea. Mmetia nini leo?"

Nilijisikia fahari. Nilifungua mdomo nimjibu, na lile neno likafika kwenye ulimi, na ulimi ukafa ganzi.

Niligeuka. Pazia lilikuwa limetulia. Nikalifuata, nikalisogeza.

Mama alikuwa amekaa wima. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya sahani, umesimama, vidole vimefungwa juu ya tonge. Sahani ilikuwa imekwisha kuliwa robo yake. Hakunitazama. Alikuwa akitazama kisamvu.

Nilipiga magoti. "Mama," nikasema, "mama, nisamehe, mkono wangu, mama, sikufikiri, nitakimwaga, nitakuletea maji..."

"Nyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanakula."

Akalitia lile tonge mdomoni. Akalitafuna muda mrefu, akameza, nikaliona likishuka shingoni. Akafanya jingine. Sikuelewa anafanya nini. Nilidhani ni adabu, kwamba hataki kumwaga chakula katika nyumba ya mtu aliye mgonjwa, hataki madereva wasikie wakaondoka na jina la mwenye hoteli. Huenda mwanzoni ilikuwa hivyo. Vyungu vile baadaye nilivisugua kwa majivu siku tatu, kisha mwenye hoteli akavivunja vyote hata hivyo, akanunua vingine, na akaninunia mwezi mzima. Lakini siku ile alikuwa amelala na homa yake upande wa pili wa ukuta, na mama alikula. Alikula mpaka mwisho. Alikusanya majani ya pembeni kwa kidole, akayala nayo. Kisha akaweka mkono juu ya paja, kiganja juu, akangoja.

"Nilijua nitatapika," alisema baada ya muda.

"Utatapika, mama? Nilete beseni?"

"Nimengoja. Sitapiki." Alilamba midomo yake polepole. "Ni uduvi tu. Una ladha ya uduvi, basi."

"Ndiyo, mama."

"Hayumo humu."

Aligeuza uso akanitazama, na macho yake yalikuwa wazi, ya mtu aliyeamka.

"Nilidhani yumo kwenye kila kitu cha mto. Nilikuwa nachelea kumtafuna. Kumbe hayumo."

"Hayumo, mama."

"Na Mafia hayuko."

"Hayuko."

"Hakuna chombo cha watu kilichomwokota."

"Hakuna, mama."

"Angekuwa ameleta salamu," alisema. "Baba yako si mtu wa kutoleta salamu."

Huko mbele benchi liliburuzwa. Mtu aliomba pilipili. Lori lilikuwa linasimama barabarani, nikasikia breki zake, nikamwangalia mama kama atasogea kwenye pazia. Hakusogea.

"Basi amekufa," alisema. Alilisema kwa mshangao, kama kwamba ndiyo kwanza mtu amemletea habari. "Mwanangu, baba yako amekufa."

Akavuta kanga usoni akaangua kilio. Sijapata kusikia kilio kama kile, na Mungu aniepushe nisisikie kingine. Kilitoka chini kabisa, kikajaza jiko, kikapita chini ya pazia mahali pale pale mvuke ulipokuwa ukipita siku zote. Mume wangu wee, alisema. Umeniacha na nani, mume wangu wee.

Kilio cha mfiwa hakina haja ya kuelezwa, kila mtu anakijua. Nilipochungulia huko mbele niliona mikono yote imesimama juu ya sahani. Mmoja alilirudisha tonge lake taratibu. Wazee wawili walikuwa wamekwisha kusema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun na wamekusanya viganja, na mwalimu alikuwa ananawa haraka haraka ili apate kuomba dua. Waliokuwa wakishuka kwenye lori walisimama juani bila kuingia.

Yule dereva mkubwa alivua kofia, akaja mpaka kwenye pazia, hakulifunua. Alizungumza nami kwa sauti ndogo kupitia kitambaa.

"Poleni sana, dada. Mmefiwa na nani?"

"Na baba yangu."

"Loo. Amefariki lini?"

Nilikuwa na hesabu yote kichwani, miezi na siku zake, kwa sababu nilikuwa nimezihesabu peke yangu kila usiku. Nilimtazama mama ndani ya kanga yake.

"Leo," nikamwambia. "Mchana huu." Ndipo na mimi nikaanza kulia.